Poda ya protini ya mimea hainyweki? Nunua hivi, nimevipanga kuanzia kinachosaidia zaidi

Niseme mapema kabisa, sukari haiondoi ladha ya njegere, ambayo ndo protini iliyomo kwenye poda nyingi za mimea. Mtu akionja poda akakutana na ile ladha ya maharage mabichi na uvumbi vumbi mdomoni, cha kwanza anakimbilia asali, sirapu au matone ya utamu, na anachopata ni njegere tamu, ambayo kwangu mimi ni mbaya kuliko hata ilivyokuwa mwanzo. Kinachofanya kazi kweli ni mafuta, harufu nzito yenye uchungu wake wa asili, na chumvi kidogo. Ndo maana orodha hii iko ilivyo, na vitu vya utamu vitupu nimevishusha chini.

Ujue kwanza nini kinakukera maana dawa zake zinatofautiana. Ile harufu ya majani mabichi sehemu kubwa inatokana na kitu kinaitwa heksanali, inazaliwa pale vimeng'enya vya kwenye njegere au soya vinapokutana na mafuta ya mbegu yenyewe wakati wa kusaga. Uchungu unaobaki nyuma ya ulimi kwenye njegere unachangiwa na saponini, vitu vya asili vichungu vya kwenye mmea. Na ule mchangamchanga ni chembe za protini ambazo hazijalowa vizuri, hiyo haihitaji hela yoyote, changanya poda na kimiminika halafu iache itulie dakika 10 au ilaze kwenye friji usiku mzima, utashangaa inavyolainika.

Namba 1 ni kakao, na hapa ndo ningeweka hela kabla ya kitu kingine chochote. Sababu ni kwamba kakao yenyewe ni chungu na ina harufu ya kuchomwa, kwa hiyo ulimi ukikutana na uchungu wa njegere unaona ni sehemu ya chokoleti, hausumbuki tena. Ila kakao sio zote sawa aisee, soma paketi. Kwanza hakikisha ni kakao tupu, sio unga wa kinywaji cha chokoleti ambao ukiangalia viambato cha kwanza kabisa ni sukari. Pili angalia mafuta, nyingi za kawaida zina asilimia 10 mpaka 12 na nyingine zina 20 mpaka 22, chukua hizo za mafuta mengi, tofauti unaisikia. Tatu kuna kakao ya asili na kuna iliyotibiwa kwa alkali, hii ya pili ni nyeusi zaidi, haina ule uchachu na inachanganyika kirahisi, kwa kazi hii ndo naipendelea japo inapoteza sehemu ya zile flavanoli, viini vya asili vya kakao ambavyo watu wengi wanainywea kakao, kama hizo ndo unazitaka basi baki na ya asili.

Matumizi yake sasa, usiimwage tu kwenye sheka (chupa ya kutikisia) na poda kwa pamoja. Weka kijiko kimoja cha chakula cha kakao kwenye kikombe, ongeza vijiko viwili vya maji ya moto, koroga mpaka iwe rojo linalong'aa na harufu ya chokoleti ipande, hapo ndo unaongeza maziwa ya baridi na poda. Ukiruka hiyo hatua kakao inaelea juu kama vumbi na nusu ya ladha yake huipati.

Namba 2, siagi ya karanga, au ya lozi au korosho kama karanga zinakudhuru. Heksanali inapenda mafuta kuliko maji, yaani ukiweka mafuta kwenye kinywaji inabaki humo humo badala ya kukupanda puani, na harufu ya karanga za kukaanga inafunika kilichobaki. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha, kina kama kalori 95 na gramu 3 na nusu hivi za protini juu yake. Nunua ile ambayo kwenye lebo imeandikwa karanga na chumvi basi. Kuna unga wa karanga uliokamuliwa mafuta, unauzwa sana kwa wanaopunguza kalori, na sio kitu kibaya lakini kwa shida yetu hii umeondolewa kitu kile kile tunachokitafuta.

Hapo kati niingize chumvi, sijaipa namba kwa sababu tayari unayo jikoni. Sodiamu inapunguza uchungu, mwaka 1997 Breslin na Beauchamp walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba chumvi inazima uchungu na hivyo kuacha ladha nyingine zijitokeze, na ndo kinachotokea kwenye glasi yako. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu, isifike hatua ya kusikika. Ila geuza kopo lako kwanza uangalie sodiamu, poda nyingi za njegere zina miligramu 200 hata 300 na zaidi kwa skupu moja kutokana na jinsi zinavyotengenezwa, kama yako iko hivyo chumvi yake inatosha, usiongeze, na hasa kama una shida ya presha.

Namba 3, ndizi mbivu iliyogandishwa. Mbivu kweli, yenye madoa meusi, maana ndizi changa inakausha mdomo na poda nayo inakausha mdomo. Imenye, ikate vipande, igandishe, halafu blenda. Faida yake kubwa kwangu ni ubaridi na uzito kuliko hata utamu, kinywaji cha baridi sana kinatoa harufu kidogo na uzito wa ndizi unaficha mchanga. Haijapanda juu kwa sababu moja, lazima uwe na blenda, mtu wa sheka haimsaidii.

Namba 4 ni maziwa ya mimea na hapa watu wanapoteza hela bila sababu. Maziwa ya lozi mengi ni maji tu, hayana mafuta ya kutosha wala uzito, ukichanganyia poda unapata karibu kile kile ulichopata na maji ya bomba. Maziwa ya oti ni mazito na yana utamu wake kwa sababu wanga wa oti umevunjwavunjwa kuwa sukari kwenye utengenezaji, ukiona boksi limeandikwa barista hilo lina mafuta ya ziada, lichukue. Nazi ni nzuri sana na kakao, vijiko vichache tu vya tui zito kwenye maji na unapata mafuta yote unayohitaji. Maziwa ya soya yana protini nyingi kuliko hayo mengine, kama gramu 7 kwa kikombe, lakini yanakuja na umaharage wake, kwa hiyo kama poda yako nayo ni ya njegere unaongeza tatizo juu ya tatizo.

Namba 5, kahawa. Nzuri kwa sababu ile ile ya kakao, uchungu wenye harufu, ila kahawa ina asidi na ya moto inaigandisha poda ikawa mabonge. Koroga poda kwenye maziwa ya baridi kwanza, kahawa iwe imepoa, ndo umimine taratibu.

Mdalasini unafuata, robo kijiko cha chai, unasaidia harufu lakini hauna la kufanya na uchungu. Kama utautumia kila siku tafuta mdalasini wa Ceylon kwa sababu ule wa kasia una kumarini nyingi zaidi, ambayo kwa wingi sio nzuri kwa ini.

Vanila nimeiweka chini na najua wengi mtashangaa. Protini za njegere na soya zinaishika vanila, zinaing'ang'ania, kinachobaki cha kufika puani ni kidogo, unamwaga na kumwaga na husikii kitu. Iongeze juu ya kakao kama unayo, peke yake usiitegemee.

Stivia, kile kitamu cha majani kisicho na sukari, iko karibu na mkia. Yenyewe inaamsha vipokezi vya uchungu kwenye ulimi, sasa unaongeza uchungu kwenye kitu ambacho tatizo lake ni uchungu, na kwa kuwa kampuni nyingi za poda tayari wameshaiweka ndani unakuta ule uchungu wa kudumu unabaki mdomoni hata baada ya kunywa maji. Ukitaka utamu weka tende mbili kwenye blenda, zina ladha ya karamel na zinakaa vizuri na kakao.

Ya mwisho kabisa ni juisi ya machungwa, limao na ndugu zake wote wachachu. Naona watu wanashauriana hivi kila siku na inaniuma, kwa sababu protini ya njegere na ya soya zikifika kwenye pH (kipimo cha uchachu) ya kama 4.5 zinagoma kuyeyuka, zinashikana vipande vipande, na ule mchanga uliokuwa unaulalamikia unakuwa mara mbili.

Kama poda yenyewe bado hujanunua una bahati, nusu ya kazi iko hapo. Ningechagua mchanganyiko wa njegere na mchele, mchele unapunguza ule umaharage na njegere inapunguza mchanga, alafu ukiangalia lisini na methionini, vipande viwili vya kujengea protini ambavyo mwili unavihitaji, njegere ina lisini nyingi na methionini kidogo wakati mchele ni kinyume chake, kwa hiyo zinajazana hata kilishe. Baada ya hapo soya aina ya isoleti (protini iliyosafishwa), laini sana, ina protini kama asilimia 90. Poda ya mbegu za maboga ina ladha kama ya karanga ambayo wengine wanaipenda bila kuongeza chochote. Mchele peke yake ni mchanga mtupu, na hempu ina ladha ya majani na udongo na protini yake ni kama asilimia 50 tu, hiyo ningeinunua mwishoni kabisa. Chukua isiyo na fleva ili utamu uamue wewe, anza na paketi ndogo ya kuonja, na angalia kama kuna lesithini kwenye viambato, inasaidia poda isitengeneze mabonge.

Na kama una kopo kubwa lililofunguliwa ambalo hata kakao imelishindwa, usilitupe, badilisha robo ya unga wa pankeki kwa poda hiyo, ongeza kimiminika kidogo kwa sababu inakunywa maji sana, na moto wa kikaango utafukuza sehemu ya ile harufu ya majani kabla haijafika mezani.