Redio ya boksi jeusi na fundi wa Gerezani aliyeifunga

Nianze na redio ya pikipiki yenyewe, maana ndiyo inayoulizwa kila nikipaki kijiweni. Ni ile ya boksi jeusi isiyo na kampuni ya kueleweka: spika mbili za kufunga kwenye usukani, FM, Bluetooth, tundu la flashi, tundu la kadi, rimoti mbili, na alamu humohumo ndani. Nimeichukua Kariakoo kwa 55,000. Muuzaji alianzia 70,000 tukavutana. Sauti inatosha. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela unamsikia mtangazaji wa mpira neno kwa neno, ila ukishafika spidi ya 60 upepo unakula maneno na unabaki na kelele za mashabiki tu. Besi usiitegemee, spika zenyewe ni kama visosi.

Juu ya boksi wameandika wati 200. Sasa angalia waya mwekundu unaokuja nayo: wameweka wenyewe fyuzi ya ampea 3. Volti 12 mara ampea 3 ni wati 36, ukizidisha hapo fyuzi inakatika. Wati 200 zingetaka karibu ampea 17, na hakuna pikipiki ya Boxer inayotoa hizo kwa ajili ya muziki. Kwa hiyo usilipie zaidi eti kwa sababu boksi la pili limeandikwa 300.

Redio basi ni ya kawaida, naipa tatu kwa tano. Kilichonikalisha kuandika ni ufungaji.

Pikipiki ninayoendesha ni Boxer 150 ya mkataba, na tajiri alishasema hataki kuona waya umekatwa. Ana sababu. Mwenzetu mmoja kijiweni alifungiwa redio kama hii kwa 5,000 na fundi wa mtaani ambaye simtaji: akachubua waya wa taa ya mbele, akauzungushia wa redio, tepu nyeusi juu, kazi imeisha. Redio ikawa inanguruma kuliko ekzosi, halafu ikafa kabisa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, hasa za zamani, taa ya mbele hailishwi na betri. Umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye koili za magneti, ni wa AC, yaani unaogeuka mwelekeo kila mara, na unafuata mwendo wa injini, ndiyo maana taa inang'aa ukivuta mafuta na kufifia ukiachia. Redio inataka umeme wa DC uliotulia, kama wa betri. Ukiiunga pale unaiua taratibu, na siku waya ukigusana usiku, taa nayo inakwenda.

Huyu fundi wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, nilielekezwa na dereva wa bajaji. Hana bango, ana mwavuli na meza ya mbao. Kabla hajafungua hata skrubu moja alichomeka mita kwenye betri: injini ikiwa imezimwa volti 12.6, ikiwaka na mafuta kidogo 14.1. Akaridhika. Akaniambia ingesoma chini ya 13 wakati imewaka, au ikavuka 15, angenirudisha nikatafute regileta, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, kwanza, kwa sababu redio mpya kwenye chaji mbovu ni hasara tu.

Nilitaka vitu vitatu: redio, chaja ya simu, na taa mbili za LED za pembeni. Akachukua kipande cha boksi akaandika. Redio sauti ikiwa juu, wati 30. Chaja ya simu, 12 ukihesabu na kinachopotea njiani. Taa mbili, 40. Akajumlisha, akatikisa kichwa. "Kaka, ukikaa foleni nusu saa injini inaunguruma chinichini, hao wote watakula betri. Taa mimi sifungi." Kuna fundi gani mwingine mjini hapa anakataa hela?

Kazi yenyewe niliisimamia kwa macho. Alitumia relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi, kile kiboksi cha miguu iliyoandikwa 30, 85, 86 na 87. Kwenye 30 akaleta waya mnene kutoka chanya ya betri, fyuzi ya ampea 10 akiiweka karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote mbele ya hapo, fyuzi iwahi. Mguu wa 87 ndio unaolisha redio na chaja. Miguu miwili iliyobaki ni ya kuiamsha relei tu: mmoja hasi, mwingine akauunganisha na waya wa swichi ya breki unaopata umeme ukiwasha ufunguo, kwa kiungio cha kuchomeka, bila kukata kitu. Relei inavuta umeme kidogo mno pale, waya wa kiwandani hausikii. Ukitoa ufunguo, muziki na chaja vinazima pamoja, inabaki alamu tu. Hasi nayo hakuifunga kwenye bodi yenye rangi, aliipeleka mpaka kwenye betri.

Viungio vyote alichomea kwa risasi akavivika kile kimpira kinachosinyaa kikipata moto. Waya akazipitisha chini ya tangi ndani ya mpira, mbali na silinda, na kwenye shingo akaacha ulegevu. Akanishikisha waya, akageuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia. Hapo ndipo nyingi zinakatikia.

Tulipowasha, FM ilikuwa na mlio wa "nzii" unaopanda kadiri unavyovuta mafuta. Akachomoa plagi ya injini akanionyesha maandishi: haikuwa na R. Kwenye plagi za NGK herufi hiyo ina maana kuna rezista ndani inayopunguza kelele za cheche. Tukabadilisha, mlio ukabaki kwa mbali sana. Ila chagua duka, feki ni nyingi.

Mwisho akapima kitu ambacho sijawahi kuona fundi wa pikipiki akipima. Akafungua hasi ya betri, akapitisha mita katikati, ufunguo akautia mfukoni mwake ili nisije nikabonyeza stata na kuiunguza mita. Alamu peke yake, kila kitu kikiwa kimezimwa, inavuta miliampea 25. Piga kwa saa 24 unapata 0.6 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri). Betri ya 5 Ah inakauka kwenye siku nane hivi. Kwa bodaboda inayotembea kila siku si neno. Ukiipaki kwenda msibani mkoani, chomoa fyuzi ya alamu. Aliiweka chini ya siti kwa ajili hiyo.

Malalamiko ninayo. Aliniambia saa moja na nusu, nikakaa mpaka alasiri kwa sababu kila anayepita anamwita, na hesabu ya tajiri siku hiyo niliitoa mfukoni. Risiti hana. Chaja aliyoniuzia haina kifuniko, na mvua za masika zinaingia moja kwa moja kwenye tundu. Kwa sasa nimevalisha kipande cha tyubu. Halafu alamu inapiga kelele kila lori likipita, mpaka nilipomrudia akapunguza ukali wake, bure.

Ufundi 25,000, relei na waya na fyuzi 12,000, plagi 6,000. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, na ununue chaja yenye kifuniko mwenyewe kabla hujafika kwake.