Pete ya Bay I Kwenda 49: Filta Zangu Zote Sasa Zinakaa Kwenye Yashica

Karibuni tena, karibuni sana. Leo sizunguki, maana kitu chenyewe kiko hapa mkononi na tangu juzi nina hamu ya kuwaonyesha. Pete. Nyeusi, nyepesi, ndogo tu. Upande huu ina vimeno, upande wa pili ina hesi. Vimeno vinashika kamera, hesi inashika filta, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi. Nimekaa na Yashica-Mat 124G hii muda mrefu nikipiga mawingu meupe yanayopotelea kwenye anga jeupe, kumbe dawa yake ni hii.

Kamera yenyewe siielezi, video yake ipo kwenye chaneli. Lenzi mbili, filimu ya 120, mnaijua.

Sasa pitisha kidole kwenye mdomo wa lenzi hii. Hakuna hesi. Ukija na filta ya kawaida ya kuzungusha, haina pa kushika. Inayotumika hapa ni beyoneti, yaani kufunga kwa vimeno badala ya hesi, ule mtindo wa kamera za Rolleiflex uliokuja kuigwa na wengine, na saizi hii ndiyo Bay I. Minolta Autocord nayo ni Bay I. Ukienda Rolleiflex za 3.5 zenye Planar au Xenotar unakuta Bay II, na nyingi za 2.8 ni Bay III. Haziingiliani hata kidogo, kwa hiyo usiagize pete kwa sababu tu maelezo yanasema "ya Rolleiflex". Uliza ni Bay ngapi. Asipojua, usinunue.

Filta za asili za Bay I zipo, sikatai. Nimezishika kadhaa. Nyingi kioo kimeota ukungu pembeni, na yenye kioo safi inauzwa kama kito. Wakati huohuo nina mfuko mzima wa filta za milimita 49 nilizonunua kwa ajili ya lenzi nyingine: manjano, chungwa, nyekundu, na polaraiza, ile ya kuondoa mng'ao. Zimekaa tu.

Haya, nasogea karibu ili muone vizuri. Vimeno vya pete naviweka kwenye nafasi zake, hapa na hapa. Nabonyeza kidogo. Nazungusha, si mzunguko mzima, ni robo hivi. Tak! Mmesikia? Narudia. Natoa, naweka, nazungusha, tak. Sasa nashika pete kwa vidole viwili natikisa. Angalieni ukingo wake. Hauchezi. Nageuza kamera, lenzi inatazama chini, natikisa tena. Imetulia.

Na hili nalisisitiza kwa sababu hii si pete yangu ya kwanza. Ya kwanza niliinunua kwa muuzaji ambaye simtaji. Kwa macho zilifanana. Ila ile haikuwa na tak, ilikuwa inateleza tu hadi mwisho na kuacha nafasi kidogo. Nikajiambia itatosha. Siku ya tatu niko barabarani, kamera inaning'inia shingoni, nikasikia kitu kimelia chini: filta yangu ya chungwa, vipande viwili. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo pete ya beyoneti naipima kwa sikio na kwa kutikisa kabla sijaweka kioo chochote juu yake. Fanya hivyo juu ya kitanda au zulia.

Nikiri pia kwamba hii mpya ilipofika sikuipenda. Alumini nyepesi, nikaona yaleyale. Nimeitumia kwenye roli tatu na nimebadili mawazo. Uzito si kitu, kilichobeba kazi ni vile vimeno. Ninachokilalamikia bado ni hesi yake. Alumini kwa alumini zina tabia ya kung'ang'aniana, pete za shaba ya njano, yaani brasi, hazisumbui hivyo. Filta ikikwama, usiikamue kwa nguvu. Ukikamua unaifanya pete iwe yai, na ikishakuwa yai ndiyo inabana zaidi. Vaa glovu za mpira za kuoshea vyombo, weka kiganja bapa juu ya ukingo, zungusha taratibu. Inaachia.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni polaraiza. Kwenye kamera ya lenzi mbili polaraiza ni mtihani, kwa sababu unatazama kupitia lenzi ya juu na picha inapigwa na ya chini. Ukiifunga chini huoni inafanya nini. Lakini 124G ina Bay I juu na chini, zote mbili. Kwa hiyo tazameni: pete na polaraiza naziweka juu kwanza. Naangalia kwenye kioo cha kutazamia, nimelenga beseni hili la maji. Nazungusha... mng'ao upo... upo... umeondoka, naona mpaka chini ya beseni. Hii nukta nyeupe kwenye ukingo wa polaraiza imesimama wapi? Pale mshale mfupi wa saa ya ukutani unapokaa saa nane. Nakariri: saa nane. Natoa pete na polaraiza yake, nahamishia lenzi ya chini, tak, naangalia nukta. Imesogea? Nairudisha saa nane. Nimemaliza.

Sasa mita, yaani kipima mwanga. Mita ya 124G iko kwenye mwili wa kamera, haipimi kupitia lenzi, kwa hiyo haijui kama umeweka filta. Lazima uiambie. Mimi naiambia kwa kupunguza ASA, ile namba ya wepesi wa filimu kupokea mwanga. Manjano ya kawaida inataka mwanga mara mbili, basi filimu ya 100 naiweka 50. Chungwa yangu inataka mara nne, naweka 25. Nyekundu inataka mara nane, na hapo mita inaishiwa, maana chini ya 25 haishuki. Hiyo nahesabu mwenyewe: naacha 100, nasoma, nafungua stopu tatu, kila stopu ikizidisha mwanga mara mbili. Ukimaliza rudisha ASA, na mimi nimeandika kikaratasi nikabandika mgongoni mwa kamera. Wenye Olympus Trip 35 mko raha: seli ya mita, yaani jicho lake la kupokea mwanga, imezunguka lenzi, filta inaifunika nayo, mita inajirekebisha. Yashica Electro 35 hapana, seli yake iko mbali na lenzi, fanyeni kama mimi.

Wengi mnaniuliza kwa nini nisitumie pete ya kupandisha moja kwa moja hadi milimita 67 nitumie filta kubwa. Kwenye kamera ya lenzi moja ningekwambia ndiyo, na usishushe, panda, kwa sababu filta ndogo kuliko lenzi itakata pembe za picha. Kwa hizi za lenzi mbili ukipanda sana ukingo wa filta unaziba lenzi ya juu. Nilijaribu 67, kioo cha kutazamia kikaingia giza. 49 inatosha.

Tena kuna wenzetu wa mfumo wa Series, vile vioo visivyo na hesi vinavyobanwa katikati ya pete mbili. Series VI ni milimita 41.3, VII ni 50.8. Ni mfumo mzuri, naupenda, ila pete ya kubania ikipotea umebaki na kioo mfukoni. Nitaufanyia video yake. Ile ya kusafisha ukungu imechelewa, nasubiri picha za majaribio zitoke maabara, mniwie radhi.

La mwisho, la kupima, maana komenti zimejaa watu wanaouliza lenzi yao inachukua filta ya saizi gani. Lenzi yenye hesi ukiipima ndani kwa kalipa, kile kipimo cha kupimia upana, ikasoma milimita 51 na kidogo, hiyo ni 52. Ukipata 48 na kidogo ni 49. Hesi inakula karibu milimita nzima. Na hatua ya hesi, yaani umbali kati ya mfuo mmoja na unaofuata, pia ipo: lenzi za Leica zinazochukua filta za 39 zina hatua ya nusu milimita, filta yenye hatua ya 0.75 itaingia kidogo ikwame. Ikigoma usilazimishe, hesi ya lenzi ikiharibika huipati tena.

Humu ndani kuna roli yenye picha nne zimebaki, filta ya manjano imeshafungwa, ASA iko 50, na nje mawingu ndiyo kwanza yanapanda. Natoka.