Baseball Savant kwa Shabiki wa Pittsburgh Pirates: Inaona Mrusho, Haioni Mkataba

Mwaka 2025 Paul Skenes, mrushaji wa mpira wa Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, alimaliza msimu akiwa ameandikiwa ushindi mara 10 na kushindwa mara 10, na bado wapiga kura wote, bila hata mmoja kwenda kinyume, wakampa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, ya Ligi ya Taifa, ambayo ni mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Msomaji aliyezoea kumpima mrushaji kwa idadi ya mechi alizoshinda ataona hapo kuna kitendawili. Aliyezoea kufungua Baseball Savant, tovuti ya takwimu za besiboli, haoni kitendawili chochote, kwa sababu ukurasa wa Skenes katika tovuti hiyo hauanzi na ushindi. Unaanza na namna mpira unavyotoka mkononi mwake, na huko hakuna mtu anayeweza kumlaumu kwa kuchezea timu iliyopoteza mechi 91 kati ya 162.

Nimeitumia huduma hii kwa misimu kadhaa kufuatilia mambo matatu ya Pirates: warushaji wa kikosi cha kwanza, chipukizi walio katika ligi ndogo, na wachezaji wanaoingia na kutoka. Niseme mapema kwamba katika jambo la kwanza sijaona chombo kinachoikaribia, katika la pili ni nusu ya chombo, na katika la tatu ni bubu, ingawa ububu wake nao una faida ambayo nitaieleza.

Baseball Savant ilianzishwa na Daren Willman kama kazi yake binafsi, kisha ikachukuliwa na Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, ambayo ndiyo inayoiendesha hadi leo. Kuitumia ni bure. Takwimu zake zinatoka katika mfumo wa Statcast, ambao tangu 2015 mitambo yake imewekwa katika viwanja vyote vya ligi kuu. Hapo mwanzo ulitegemea rada, na kuanzia 2020 ukahamia katika kamera za Hawk-Eye, ambazo ziliwekwa 12 katika kila uwanja. Kila mrusho unaorushwa huandikwa kasi yake, mzunguko wake, kiasi ulichopinda, mahali ulipopita na kilichotokea mpigaji alipoupiga.

Kabla ya hapo nilikuwa nikilipia huduma nyingine, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikiwapa warushaji alama bila kueleza zimepatikana vipi. Mrushaji mmoja angeshuka daraja kati ya Jumatatu na Alhamisi bila kugusa mpira, na nilipouliza sababu nilijibiwa kwamba hesabu ni siri ya biashara. Hiyo ndiyo iliyonifanya nithamini chombo kinachonionyesha malighafi yenyewe na kuniruhusu nipakue jedwali zima nikafanye hesabu zangu.

Ukifungua ukurasa wa mrushaji, jambo la kwanza ni mistari ya rangi inayomlinganisha na wenzake wote wa ligi kwa kipimo cha 1 hadi 100. Nyekundu iliyokolea maana yake yuko karibu na kilele, na buluu iliyokolea maana yake yuko mkiani. Wageni wengi huishia hapo, na ni kosa, kwa sababu mistari ile inasema nani yuko juu ya nani bila kusema amemzidi kwa kiasi gani. Hazina iko chini yake, katika mchoro wa mwenendo wa mirusho: duara lenye vitone vya rangi mbalimbali, kila rangi aina moja ya mrusho, na kila kitone kikionyesha mpira ulihama inchi ngapi kwenda pembeni na inchi ngapi kwenda juu au chini. Maeneo yaliyotiwa kivuli yanaonyesha mrusho wa aina hiyo hupita wapi kwa wastani wa ligi, kwa hiyo jicho linaona papo hapo kama mrushaji huyu anafanana na wengine au ana njia yake.

Kwa Skenes, kundi la kulitazama ni la mrusho unaoitwa splinka, ambao ni mchanganyiko wa mpira wa kuzama na ule unaoshikwa kwa vidole viwili vilivyotanuliwa. Hufika kwa kasi ya takriban maili 94 kwa saa, kasi ambayo warushaji wengine wangeridhika nayo kwa mpira wao wa kasi, halafu huporomoka mpigaji akiwa ameshaanza kuzungusha gongo. Hapa pia ndipo udhaifu mmoja wa chombo unapojitokeza. Mfumo hulazimika kuupa kila mrusho jina moja, na mrusho ulio katikati ya majina mawili hauna kwao. Anayelinganisha majedwali ya wachezaji wawili wanaorusha kitu kilekile kwa majina tofauti anaweza kupotoka asijue, na ushauri wangu ni kuamini vitone kuliko majina.

Sehemu ya pili ninayoitegemea ni ile inayofuatilia mechi ikiendelea, mrusho kwa mrusho. Tarehe 11 Mei 2024, Skenes alipocheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu dhidi ya Chicago Cubs, mirusho yake 17 ilifikia maili 100 kwa saa au zaidi. Aliwatoa wapigaji 7 kwa straiki tatu (yaani mirusho mizuri waliyoshindwa kuipiga), akaondoka uwanjani katika iningi, yaani kipindi, ya 5 akiwaacha wapinzani wawili kwenye besi, vituo ambavyo wapigaji hukimbilia, kisha warushaji waliompokea wakaanza kutoa besi za bure, yaani kumpa mpigaji besi bila kupiga mpira, huku besi zote zikiwa zimejaa. Kitabuni iliandikwa kwamba alifungwa mikimbio (yaani alama) 3, ilhali 2 kati ya hiyo ilikuwa ya watu wale wawili aliowaacha nyuma, waliopitishwa na mikono ya wengine. Aliyesoma matokeo asubuhi aliona mwanzo wa kawaida tu wa kijana anayesifiwa mno. Aliyekuwa na ule ukurasa mbele yake alikuwa ameona kasi, mahali mpira ulipopita, na magongo yaliyopiga hewa, na hakushangaa msimu ulipoisha kwa wastani wa mikimbio 1.96 kwa kila iningi 9, baada ya kurusha iningi 133, na tuzo ya mchezaji bora mgeni.

Kuna pia wastani unaotarajiwa, yaani hesabu inayouliza ni mikimbio mingapi mrushaji alistahili kufungwa kwa kuangalia mipira ilipigwa kwa nguvu na pembe gani, pamoja na straiki na besi za bure alizotoa. Ni kipimo kizuri, lakini mashabiki hukitumia vibaya mwezi Aprili, msimu ukiwa mchanga. Mrushaji akiwa ametupa iningi 15, mpira mmoja uliopigwa vizuri unatosha kukivuruga, na tovuti haikuonyi kwa sauti kubwa.

Tukienda kwa chipukizi, hali inabadilika, na kwa Pirates inabadilika kwa namna inayochekesha kidogo. Katika ligi ndogo, Savant inaonyesha takwimu kamili za daraja la Triple-A, lililo chini tu ya ligi kuu, na za Ligi ya Jimbo la Florida iliyo katika daraja la chini la Single-A, kwa kuwa timu nyingi za ligi hiyo hucheza katika viwanja vya mazoezi ya kabla ya msimu, ambavyo tayari vina mitambo. Sasa tazama ngazi za Pirates: kijana huanza Bradenton huko Florida, hupanda kwenda Greensboro, kisha Altoona, kisha Indianapolis. Ngazi ya kwanza inaonekana, mbili za katikati ni giza, na ya mwisho inaonekana tena. Ni kama kumtazama mtu anayeingia kwenye handaki na kumsubiri upande wa pili.

Konnor Griffin, aliyechaguliwa wa 9 katika drafti ya 2024, ambapo klabu huchagua chipukizi kwa zamu, akitokea shule ya sekondari, alipita Bradenton, Greensboro na Altoona ndani ya msimu mmoja wa 2025. Maana yake ni kwamba miezi yake ya kwanza tuliweza kuona nguvu ya kila mpira alioupiga, na ile iliyofuata, ambayo ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe kwa kuwa warushaji walikuwa wakali zaidi, ilitubidi turudi kwenye idadi za kawaida na maneno ya maskauti. Kwa Bubba Chandler mambo yalikuwa kinyume. Alikuwa Indianapolis sehemu kubwa ya msimu huohuo, na yeyote aliyetaka aliweza kuona alipoanza vizuri, kisha katikati ya msimu mpira wa kasi ukibaki na kasi yake huku besi za bure zikiongezeka. Mashabiki waliokuwa wakilalamika kwamba klabu inamchelewesha walikuwa na haki ya kulalamika, lakini jibu angalau moja lilikuwa limewekwa wazi kwa yeyote wa kusoma. Alipopandishwa hatimaye tarehe 22 Agosti, alirusha iningi 4 dhidi ya Colorado Rockies bila kufungwa.

Kuhusu usajili, Savant haina mishahara, haina miaka ya mikataba, wala haikuambii klabu inammiliki mchezaji hadi lini. Upungufu huu si mdogo, kwa sababu katika besiboli saa ya mkataba ndiyo inayoamua nani anauzwa. Mchezaji anahitaji miaka 6 ya utumishi ili awe huru, na mwaka mmoja huhesabiwa kuwa siku 172. Skenes alipandishwa Mei 2024, ambayo kwa kawaida ingempunguzia mwaka huo, lakini tuzo yake ya mchezaji bora mgeni ilimpa mwaka mzima, kwa hiyo anaweza kuwa huru baada ya msimu wa 2029. Tarehe hiyo ina uzito kwa shabiki wa Pittsburgh kuliko mistari yote myekundu iliyo kwenye ukurasa wake, na huwezi kuipata humo.

Hata hivyo, ububu huo una faida yake. Nenda kwenye ukurasa wa Gerrit Cole, ambaye Pirates walimchagua wa kwanza katika drafti ya 2011 na kumpeleka Houston Astros Januari 2018. Linganisha sehemu ya matumizi ya mirusho ya 2017 na ya 2018. Pittsburgh waliamini katika mpira wa kuzama unaolazimisha mpigaji apige chini. Huko Houston mpira huo ulipungua sana, na nafasi yake ikachukuliwa na mpira wa kasi ulionyooka unaopita juu pamoja na mirusho ya kupinda. Wastani wake ukashuka kutoka mikimbio 4.26 hadi 2.88, na akawatoa wapigaji 276 kwa straiki. Mkono ulikuwa uleule.

Miezi michache baadaye, tarehe 31 Julai 2018, Pirates waliwatoa Tyler Glasnow na Austin Meadows, na baadaye Shane Baz, ili wampate Chris Archer kutoka Tampa Bay Rays. Glasnow alikuwa akikaa kwenye benchi la warushaji wa akiba, lakini Rays wakamfanya mrushaji wa kuanza mechi, na hatimaye Los Angeles Dodgers wakampa dola milioni 136.5 kwa miaka mitano. Archer alimaliza 2019 kwa wastani wa 5.19. Kurasa za wote wawili bado zipo, mwaka kwa mwaka, na kuzisoma kando kwa kando ni zoezi chungu ambalo ninampendekezea kila anayeipenda timu hii.

Kwa hiyo siku hizi, mwisho wa Julai unapokaribia, muda wa kubadilishana wachezaji ukielekea kufungwa, na majina yanapoanza kutajwa, mikataba naitafuta kwingine, kisha nafungua hapa ukurasa wa mrushaji anayesemwa kuwa anakuja na kutazama ni mrusho gani mzuri ambao timu yake ya sasa inamruhusu kuutumia mara chache. Baada ya hapo nafungua ukurasa wa tutakayemtoa, na kuuliza swali hilohilo kuhusu sisi.