Mwaka mmoja na karo linaloondoa naitrojeni: uzoefu wangu Kigamboni

Kijiti kiligeuka waridi iliyokolea kabla hata dakika haijaisha. Ni vile vijiti wanavyopimia maji wafugaji wa samaki wa mapambo: unachovya, unangoja, unalinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kopo. Kisima changu kilisoma naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni na kuyeyuka majini, kati ya miligramu 50 na 100 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka naitreti kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 50 kwa lita, na sababu kubwa ni watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya kopo, maana naitreti inaizuia damu yao kubeba oksijeni. Ndani ya nyumba nilikuwa na mjukuu wa miezi mitatu. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kukolea.

Karo letu la maji taka ya nyumba liko mita 18 kutoka kisimani, na ardhi yetu ni mchanga mtupu. Karo la kawaida linatuamisha uchafu mzito tu. Naitrojeni, ambayo sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo, inapita humo ikiwa amonia hadi shimo la kunyonya. Ikikutana na hewa mchangani inageuka naitreti, na naitreti haishikwi na udongo, inafuata maji. Hapa kwetu yanafuata kisima, na yakivuka hapo ni bahari, ambako inarutubisha mwani unaofunika matumbawe.

Fundi wa kwanza aliniuzia kichujio kimoja cha mchanga, kimepandwa matete juu, kinapendeza. Siku ya kunikabidhi alichovya kijiti kwenye maji ya karo, kikatoka cheupe. "Unaona Mama, hata humu karoni naitreti hakuna, sasa yakishachujwa si yatakuwa safi zaidi?" Nikamwamini, nikamlipa. Maji ya karo hayana naitreti kwa sababu naitrojeni yake bado ni amonia, na kijiti cha naitreti hakioni amonia. Nilipokuja kupima mwenyewe maji yaliyotoka kwenye kichujio chake, yalikuwa maangavu, hayanuki, na kijiti kilikolea kuliko cha kisimani. Mchanga ulikuwa umeigeuza amonia kuwa naitreti, kazi ikaishia hapo. Juu ya hayo alimwaga mchanga wa kujengea wenye udongo. Wiki ya saba maji yakatuama juu, mbu wakahamia.

Wa pili ni kijana. Kabla ya kutaja bei aliniuliza, "Mama, hapa mnalala wangapi, na maji mnatumia kiasi gani kwa siku?" Tuko sita, kama lita 600. Akautoa mchanga wote, akaweka wa mto wenye chembe kubwa, uliooshwa mpaka maji yakatoka meupe. Halafu akachimba shimo la pili mbele yake, akalisakafia vizuri, akalijaza mita 4 za ujazo za vipande vya mbao. Hilo linakaa limejaa maji muda wote ili hewa isiingie. Bakteria wa humo wakikosa oksijeni ya hewa wanainyang'anya naitreti yake, huku wakijilisha kaboni ya mbao, na naitrojeni inaondoka ikiwa gesi ileile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Maji yanakaa humo siku tatu hivi, ndipo yanaenda kwenye migomba.

Niliogopa mbao zitaoza na kwisha upesi. Kilichonituliza ni habari za Kanada, ambako Will Robertson wa Chuo Kikuu cha Waterloo na wenzake walifukia vumbi la mbao kwenye njia ya maji ya makaro miaka ya mwanzo ya 1990, na miaka 15 baadaye lilikuwa bado linaondoa naitreti. Kule Long Island, New York, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook wanajenga kitu cha namna hii kwenye nyumba za watu: tabaka la mchanga juu, mchanga na vumbi la mbao chini. Wao wana baridi inayowapunguza kasi bakteria. Sisi tuna joto mwaka mzima, na nadhani hatujaitumia hiyo neema ipasavyo.

Umeme ndio ulionishawishi kabisa. Pampu inayosukuma maji ya karo hadi kwenye mchanga ni ya wati 250, taimeri inaiwasha mara 12 kwa siku, dakika mbili kila mara. Hiyo ni uniti 3 za LUKU kwa mwezi. Mtambo wa kupuliza hewa niliokuwa nimependekezewa ni wa wati 80, lakini haulali: unakula karibu uniti 58. Ukiwa na kiwanja chenye mteremko, hata pampu huihitaji.

Kasoro zipo. Wiki za kwanza shimo la mbao lilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi, ni utomvu wa mbao unaojisafisha. Tuliposafiri wakati wa Idi nyumba ikabaki na mtu mmoja, tukarudi tukakuta harufu ya mayai viza, kwa sababu maji yalikaa mno, naitreti ikaisha, bakteria wakahamia kwenye salfeti, chumvi nyingine ya majini yenye oksijeni. Ilikata siku chache baada ya nyumba kujaa tena. Mbao zimeshuka kama nusu shubiri, nitaongeza. Na tafadhali msikubali vipande vya mbao za paa zilizotiwa dawa, zile za kijani, dawa yake ni sumu. Sisi tulichukua za mwembe kwa wapasua kuni.

Kazi yote ya huyu kijana ilinigharimu shilingi milioni 3.6, na ningemlipa tena. Akija fundi kwako, mwambie apime mahali patatu, kwa vijiti vya amonia na vya naitreti: kwenye karo, baada ya mchanga, baada ya mbao. Kwangu mchanga unatoa naitreti karibu 100 na amonia kidogo sana, mbao zinatoa chini ya 10. Akikupimia mahali pamoja tu, usitoe hela.

Kisima nacho kinashuka polepole, kwa kuwa chini kulishajaa, na makaro ya jirani bado yanamwaga. Leo kimesoma kati ya 25 na 50. Mjukuu bado tunamnunulia maji. Nitapima tena masika yakiisha.