Birmingham Civil Rights Institute, Alabama: mpeleke mtoto, na wewe mzazi uingie nae

Wazazi wenzangu mlioko Georgia, Tennessee na maeneo ya jirani, naombeni mnisikilize kidogo kuhusu hii makumbusho ya harakati za Wamarekani weusi kupinga ubaguzi, maana tumerudi wiki mbili zilizopita na bado haijanitoka kichwani. Sisi tunakaa karibu na Atlanta, ni kama masaa mawili na nusu kwa gari ukishika barabara kuu ya I-20, na Alabama wako nyuma kwa saa moja kwahiyo mkiondoka asubuhi mnafika bado mapema kabisa.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Kijana wangu ana miaka kumi. Darasani kwao kaletwa binti wa Kikongo, familia yao imetokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiingereza bado kabisa. Wakati wa chakula kuna watoto wakawa wanaziba pua akipita na wanamwita jina la mnyama kwa ajili ya weusi wake, na yule binti anasema chini chini "niacheni jamani, niacheni", na meza nzima anaejua Kiswahili ni mwanangu peke yake. Akanyamaza. Aliponisimulia usiku nikamwambia yaleyale tunayoyasema wengi wetu huku, achana nao baba, wewe soma, hatujaja huku kugombana na watu. Hakujibu, akageukia ukutani. Nililala vibaya sana siku ile.

Basi ndo nikaamua twende. Ndani mnapita kwa mtiririko, kitu kinafuata kingine, ni kama unasimuliwa na mtu mzima aliyekuwepo. Mapema tu mnakutana na vile vibomba viwili vya kunywea maji, kimoja cha wazungu kingine cha weusi, na hapo sikuhitaji kueleza chochote, mtoto alisimama akatizama kimoja akatizama kingine akasema "mama, hiki kichafu ndo chetu?" Kakisema "chetu" mwenyewe, mimi sikumfundisha. Kuna mfano wa basi la Greyhound lililochomwa moto 1961 likiwa na watu waliokuwa wanapinga ubaguzi kwenye usafiri, kuna joho la Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi waliokuwa wanawatisha na kuwaua weusi, kuna na mlango wa seli aliyofungiwa Martin Luther King hapo Birmingham 1963. Chukueni muda, msikimbize watoto, kuna mengi ya kusoma, sisi tulikaa karibu masaa matatu na hatukumaliza.

Lakini kilichomkamata mwanangu ni habari ya watoto. Tarehe 2 Mei 1963 watoto zaidi ya elfu moja waliacha masomo wakakusanyika kanisa la 16th Street Baptist, liko hapohapo ng'ambo ya barabara, wakatoka kwa makundi wanaimba, wanaandamana kupinga ubaguzi, polisi wakawakamata kwa mamia. Kesho yake wakatoka tena, safari hii wakafunguliwa mipira ya maji ya zimamoto na kuachiwa mbwa. Jela zilijaa mpaka wengine wakawekwa kwenye viwanja vya maonyesho. Mmoja wao ni Audrey Faye Hendricks, alikuwa na miaka 9, akakaa ndani siku saba, na wazazi wake walijua anaenda na wakamruhusu. Tarehe 10 mwezi huohuo yakatangazwa makubaliano ya kuanza kuondoa ubaguzi kwenye maduka ya katikati ya mji.

Mwanangu akaniuliza palepale, "Mama, ungeniruhusu?" Nilishindwa kujibu jamani. Watu wanapita, mi nimesimama tu nimeshika mkoba. Mwisho nikamwambia ukweli, nikamwambia ningeogopa mno baba, na nadhani mama yake Audrey nae aliogopa, ila sikufanya vizuri kukwambia unyamaze siku ile, nisamehe. Ndo mara ya kwanza namuomba msamaha mtoto wangu kwa jambo kubwa hivyo. Kwetu mzazi hakosei, mnajua wenyewe.

Mkitoka nje vukeni mwende Kelly Ingram Park, hapo hakuna kiingilio. Kuna njia inapita katikati ya sanamu za mbwa wa polisi wanakurukia kulia na kushoto, meno nje, na lazima upite katikati yao. Mwanangu alinishika mkono na miaka kumi yake hiyo. Mbele kuna sanamu ya watoto wawili na maandishi yanayosema hawaogopi jela. Kisha kanisani, ambapo 15 Septemba 1963 bomu liliua mabinti wanne, watatu wana miaka 14 na mmoja 11. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane mimi ningesubiri kidogo, hii sehemu ni nzito.

Na kwa wale ndugu zangu wanaosema haya ni mambo ya Wamarekani weusi sisi wahamiaji hayatuhusu, hapana. Sheria ya haki za raia ilipita 1964, na mwaka uliofuata ndo ikabadilishwa sheria ya uhamiaji iliyokuwa inapendelea watu wa Ulaya, na kwa mlango huohuo wengi wetu tumeingia. Wale watoto walipigwa na maji, sisi tumekuja kula matunda yake, halafu tunawaambia wanetu wanyamaze?

Kwenye gari kurudi tukafanya mazoezi. Sentensi moja tu, "acha kumwita hivyo, ana jina lake", halafu nenda kakae nae, halafu mwambie mwalimu, halafu niambie mimi. Tukaigiza mpaka Atlanta, mimi ndo naziba pua, yeye anasema, mwanzo sauti haitoki, baadae inatoka. Jumatatu nikaenda shuleni mwenyewe kuonana na mwalimu, nilichopaswa kufanya toka mwanzo. Jumatano kijana kaniambia kaisema, kwa sauti, mikono ilikuwa inamtetemeka lakini kaisema, na kahamisha sinia lake la chakula kwenda kwa yule binti wakaongea Kiswahili mpaka kengele. Kumbe binti anajua mchezo wa rede, ule wa kukwepa mpira, vizuri kuliko mtu yeyote hapo shuleni.

Nyota tano. Vaeni viatu vya kutembea, bebeni maji, na angalieni siku wanazofungua kabla hamjaondoka. Mwakani Mungu akipenda tunarudi na mdogo wake, atakuwa ametimiza nane, na mama yake yule binti kaomba na wao twende nao.