Nimesoma Chuo Kikuu Huria nikiwa Tanga: uzoefu wangu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haipoi. Ni watoto wa ndugu, ni wazazi wao, ni majirani wa zamani wa Makorora, na swali lao ni hilo hilo: "Hicho Chuo Huria ulichosoma, ni chuo kweli?" Safari hii nimeona bora niandike, anayetaka asome.

Ni chuo kweli. Ni cha umma, kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikazinduliwa rasmi Januari 1994, na shahada yake inatambuliwa na TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu nchini, kama inavyotambuliwa ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makao makuu yapo Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani kote, na sisi wa Tanga tunacho chetu. Nilichukua Shahada ya Uongozi wa Biashara mwanzo hadi mwisho bila kuhama mji na bila kuacha kazi.

Ila tuelewane mapema. Kama unachokitafuta ni maisha ya hosteli, siasa za serikali ya wanafunzi, bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) likiingia mtaa mzima unajua, nenda Mlimani au Dodoma ukayale maisha. Huku hayapo. Mdogo wangu alisoma Dar es Salaam, na tukikutana sikukuu ana hadithi za kukesha za vyumbani na za mechi za vitivo. Mimi hadithi zangu ni za taa kukatika Makorora na mimi bado niko ukurasa wa kwanza. Wao walisubiri bumu, sisi tulisubiri mshahara. Mama kwa muda mrefu hakuelewa kabisa. "Mwanangu, chuo gani hicho kila siku upo nyumbani?" Nikimwonyesha vitabu kwenye simu anatikisa kichwa, anaendelea kuchambua mchele.

Kinavyokwenda ni hivi. Unachagua kozi unazozimudu kwa mwaka ule, unalipia kwa yuniti kupitia kontrol namba, kisha mnabaki wewe na vitabu vyako mtandaoni. Vipo vipindi vya ana kwa ana, ambapo mwalimu anapitia sehemu ngumu na kujibu maswali. Ukienda hujasoma kitu utatoka kama ulivyoingia, maana hakuja kukufundisha kozi nzima. Yapo majaribio, upo na mtihani wa mwisho, unaufanyia kituoni kwako ukiwa na kitambulisho na hati ya kuingilia chumba cha mtihani. Ukihamishwa kikazi kwenda Songea, unafanyia Songea. Kwa askari, walimu na wauguzi hilo peke yake linatosha kuwafanya wakichague, kwa sababu barua ya uhamisho haina huruma na mtu aliye mwaka wa pili.

Uhuru wa kupunguza kozi ndio ulioniokoa. Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha, na wanaoijua bandari yetu wanajua ilivyobadilika. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali huko, mzigo ukaletwa gatini kwa matishari, na kazi ikaenda kwa mwendo wake. Mradi wa shilingi bilioni 429.1 ulipokamilika mwaka 2023, kina cha maji gatini kikatoka mita 3 hadi mita 13, meli zikaanza kuja kufunga gatini kabisa. Mji ulifurahi, na mimi nilifurahi, lakini kitabu changu cha uhasibu hakikufurahi. Meli huwezi kuiambia isubiri kwa kuwa una jaribio. Katika chuo cha kawaida ningekuwa nimeacha. Huku niliandikisha kozi chache mwaka ule, nikalipia chache, nikasonga polepole. Waliokuwa na nafasi walinipita, nami sikuona haya.

Bosi wangu wa wakati huo (kampuni nisiitaje) hilo hakulielewa. Ruhusa ya siku za mtihani niliiomba kwa maandishi wiki nyingi kabla, akasaini, halafu asubuhi yenyewe ananipigia simu kuna mteja analia na kontena lake. Nilizima simu nikaingia chumba cha mtihani. Anayetaka kusoma akiwa kazini ajiandae kwa ugomvi wa namna hiyo, maana huna uwanja wa chuo wa kukimbilia na bosi anakuona kila siku.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lolote: kikundi. Ukisoma Huria peke yako utachoka. Nimeona watu wenye akili kuliko mimi wamepotea njiani, si kwa kufeli, ni kwa upweke tu. Sisi tulikutana kwenye kipindi cha ana kwa ana, tukafungua kundi la wasap, na Jumamosi tukawa tunakaa maktaba ya mkoa. Ikifungwa tunahamia bustani za Jamhuri, upande unaoiona bandari na kisiwa cha Toten, tunafunua madaftari hapo hapo mpaka mbu waanze. Palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi anayetoka Muheza kwa Coaster, muuguzi anayetoka zamu ya usiku na macho mekundu, polisi mmoja mkimya sana, na bibi mmoja mfanyabiashara wa Ngamiani ambaye sote tulimwita Shangazi. Shangazi hakuwa na haja ya cheti, duka lake lilikuwa linamtosha. Siku tunabishana juu ya gharama zisizobadilika na zinazobadilika, mwalimu anatusomea maana kutoka kwenye kitabu kwa mara ya tatu, Shangazi akamkatiza: "Nyie wanangu, kodi ya fremu nalipa hata kama leo sijauza kanga moja. Mifuko ya kufungia nanunua nikiuza. Basi si ndiyo hiyo?" Ndiyo ilikuwa hiyo. Swali lake likaja kwenye jaribio, na yule polisi mkimya akacheka peke yake chumbani mpaka msimamizi akamwangalia.

Mdogo wangu hakuwahi kukaa darasani na mtu kama Shangazi. Wenzake wote walikuwa na umri wake, wametoka shuleni moja kwa moja. Mimi nimesoma na watu ambao somo lenyewe wanaliishi, na mpaka leo ndio ninaowapigia nikikwama kazini. Muuguzi amenisaidia mara kadhaa kuelewa makaratasi ya mizigo ya dawa. Watu husema Huria hakuna fursa za kujuana na watu. Nadhani wanaosema hivyo hawakuwahi kutoka ndani kwao.

Gharama ndogo ndogo zipo, na hazimo kwenye ada. Bando ni la kwanza. Vitabu viko mtandaoni, lakini kusoma kurasa mia mbili kwenye simu ni adhabu, hivyo utaishia stesheneri. Angalia kazi yao kabla hujalipa. Kuna duka moja mjini lilinitolea kopi ya moduli nzima, ikabaindiwa vizuri, jalada la plastiki na kila kitu, kumbe sura ya nne haimo. Niliporudi kijana akaniambia eti mashine iliruka. Mashine inaruka sura nzima, na kuanza tena sura ya tano kwenye ukurasa wa kwanza!

Kwa wadogo waliopata alama pungufu kidato cha sita, ulizeni kuhusu kozi ya msingi, ile watu wanaiita faundesheni. Ukiwa na pointi 1.5 za masomo mawili, au stashahada yenye GPA ya 2.0, unaweza kuisoma. Ukipata GPA ya 3.0 na daraja C katika masomo matatu ya kundi lako, mlango wa shahada unafunguka. Si njia ya mkato. Mwenzetu mmoja aliyepitia huko alituambia ilimtoa jasho kuliko mwaka wa kwanza wenyewe. Lakini ipo, na wengi hapa Tanga wanakaa nyumbani wakiamini mambo yameisha.

Je, ningemshauri kijana wa miaka 19 aende Huria moja kwa moja? Kama ana nafasi ya chuo cha kukaa bwenini na kuna wa kumlipia, hapana. Umri ule mtu anahitaji kutoka nje ya macho ya wazazi, apike maharage yakaungua, agombane na wa chumba kimoja. Na ratiba ya kujipangia mwenyewe inamshinda mtu mzima, sembuse yeye. Lakini kama ameshapata kazi, hata ya kijungujiko, asiiache kwa ajili ya darasa. Huku mjini mambo yanafunguka: bandari hiyo, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Matangazo ya kazi ninayoyaona mengi yanadai shahada pamoja na uzoefu, na mwenye kusoma huku anafanya kazi anakuja na vyote viwili.

Mimi mwenyewe nilihama kampuni muda mfupi baada ya kumaliza. Kwenye usaili waliniuliza mambo ya nyaraka za forodha kwa karibu saa nzima. Kuhusu chuo waliangalia cheti, wakatoa kopi, basi. Shangazi naye amemaliza. Cheti amekitia fremu, kipo dukani juu ya kanga, na mteja akiomba apunguziwe bei anaonyeshwa kwanza kile.