Meya wa madiwani, au gavana wa kura ya wananchi?

Mkazi wa Dar hampigii kura meya. Anachagua diwani wa kata yake, tuseme Buguruni, kisha baraza linakaa na kumpata meya kutoka miongoni mwa madiwani. Kwenye kampeni unasikia habari za mitaro na taka tu. Mgombea atampa nani umeya, hakuna anayemuuliza.

Nairobi nao walikuwa hivyo. Tangu 2013 wanamchagua gavana wenyewe, naye hana budi kueleza atalifanyia nini jiji zima. Hapo ndipo ninapowaonea wivu.

Lakini kura ya wananchi si kinga. Mike Sonko, gavana wa Nairobi, aling'olewa na bunge la kaunti Desemba 2020, Seneti ikaridhia. Huku, Isaya Mwita wa Chadema, meya wa Jiji la Dar tangu Machi 2016, naye aliondolewa na baraza 2020, kwa mvutano mkubwa.

Halafu sisi tuna tatizo la ziada. Tangu 2021, kati ya halmashauri tano za Dar, Ilala ndiyo Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina meya wake. Hata tukipewa kura hiyo, bonde la Jangwani likifurika tutambana meya yupi?